Ushahidi wa Tumbo Langu

Maji yanayotuama ndani ya mtumbwi yana harufu yake, na sijapata kuikuta mahali pengine popote. Ni tope la Ziwa Kitangiri, ni magamba ya perege yaliyonasa kwenye nyufa za mbao, ni matete yaliyooza, na juu ya hayo yote moshi wa kambale waliokaushwa, vyote vimepashwa moto na jua la saa mbili asubuhi. Wengine wakisafiri majini hukusimulia habari za ndege na mawingu. Mimi niulize habari za chini. Mpaka leo naweza kukuchorea kila msumari wa sakafu ya mtumbwi wa Shija, kopo la kuchotea maji lililofungwa kamba, na miguu ya wazee wetu ndani ya makatambuga yao ya matairi, vidole vimejaa vumbi la njiani, kisigino kimoja kimepasuka hata ungeweza kuficha mtama humo. Nyuso za wenye miguu hiyo siwezi kuzichora. Nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa mtoto mwenye adabu, kwa hiyo sikuzitazama.

Tuliishi upande wa Iramba, mahali ambapo ukisimama uani kwetu uliliona ziwa lote limelala chini, na ng'ambo yake mstari mwembamba wa nchi nyingine. Lilikuwa karibu, lakini halikuwa letu. Sisi ni watu wa mtama, uwele na alizeti. Mtu wa kwetu akishuka ziwani alikuwa anakwenda kunywesha ng'ombe, basi. Maji yenyewe tuliwaachia wavuvi wa Kisukuma. Mama yangu alitoka huko ng'ambo. Baba alipokwenda machimboni akakaa mwaka mzima bila barua wala salamu, maneno yakaanza baina ya mama na nduguze baba. Nani alimfukuza nani sikuambiwa, maana mtoto haambiwi. Nilichoona ni kwamba asubuhi moja mama alifunga kanga zake, akanishika kichwa, akateremka kuelekea ziwani. Mimi nikabaki na bibi, mama yake baba.

Haikupita miezi mingi mama akatuma watu: anamtaka mtoto wake akaishi naye. Alikuwa amepata banda la kupikia chakula kwenye mnada wa ng'ombe wa ng'ambo, na alikuwa na nyumba kwa kaka yake. Msemaji wa upande wetu alikuwa Baba Mkubwa, kaka yake baba, na lazima nimtendee haki: hakuwa mtu mbaya. Hakukataa. Alisema kiangazi hicho niwe navuka kila Jumamosi, siku ya mnada, nishinde na mama, jioni nirudi, nisilale huko. Mvua zikikaribia, pande zote mbili zingekaa kikao na kuamua niishi wapi, kwa kutazama mtoto mwenyewe ameelekea upande gani. Nilipoyasikia hayo nilikwenda nyuma ya zizi nikaruka-ruka peke yangu. Mimi nilishaamua zamani. Nilimtaka mama, nilimtaka mpaka usiku najifunika kanga aliyoisahau, ingawa harufu yake ilikuwa imeshaisha.

Bibi alinipenda, nisimsingizie. Lakini alikuwa mtu wa maneno matatu kwa siku, na mawili kati ya hayo alimwambia kuku. Nyumba ilikuwa kimya. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikuwa na mtu wa kumweleza: pale nyumbani tulisema Kinyiramba, shuleni Kiswahili, lakini Kisukuma kilikuwa cha mimi na mama wawili tu, lugha ya kusukana nywele na kuambiana siri. Alipoondoka, ile lugha ikakosa mwenzake. Nikawa nazungumza nayo na mbuzi. Jioni nawarudisha zizini huku nawaambia habari za shule kwa Kisukuma, nao wananitazama kwa macho yale ya mbuzi yasiyo na msaada wowote. Wenzangu waliponisikia, loo, nilichekwa hadi shule ikafungwa.

Basi Jumamosi ya kwanza ikafika. Bibi aliniamsha mapema akanilisha ugali wa uwele na mlenda, kisha maziwa ya mgando, kwa imani yake kwamba tumbo tupu ndilo linaloyumba. Tuliteremka ziwani na wazee wanne waliokuwa wakienda mnadani, Baba Mkubwa akiwa mmoja wao. Wakinunua ng'ombe, siku ya pili wangewaswaga kwa miguu kuzunguka ziwa, kwa sababu ng'ombe hapandi mtumbwi. Wakikosa, walilala kwa jamaa zao na kurudi vilevile. Mwenye mtumbwi, Shija, mwanamume mwenye mabega mapana na mdomo usiochoka, alisimama nyuma na upondo wake mrefu, maana Kitangiri si refu kwenda chini na unaweza kuusukuma mtumbwi kwa mti. Wazee walikaa katikati. Mimi niliwekwa mbele kabisa, kwenye ncha, juu ya gunia.

Sasa hapo ndipo pa kutazama. Mtoto wa kwetu hawapi wakubwa mgongo. Wala hawakodolei macho. Ukikaa mbele ya wazee unawaelekea, unakunja miguu, unainamisha uso, unasubiri kusemeshwa. Kwa hiyo nilipokaa kwenye ile ncha niligeuka nikawaelekea wazee, mgongo wangu ukaelekea kule tunakokwenda, nikainamisha kichwa nikitazama sakafu. Hakuna aliyeniagiza. Wala hakuna aliyeona ajabu. Nadhani ningekaa vinginevyo ndipo ningesemwa. Nilisikia mzee mmoja akimwambia Baba Mkubwa kwamba mtoto huyu amelelewa, na nilijisikia vizuri kwa muda mfupi sana.

Upepo wa kwetu wa kiangazi haufanyi utani, na ziwa lisilo na kina huchafuka upesi. Kwanza mate yalinijaa mdomoni. Kisha roho ikaanza kuchafuka, kisha sakafu ile, na misumari yake na kopo lake, ikawa inapanda na kushuka huku miguu ya wazee imetulia, na kichwa changu hakikujua kimwamini nani. Nilijikaza. Nilihesabu misumari. Nilipofika kwenye msumari wa kumi na kitu, ugali wa bibi na mlenda wake vyote vilitoka, na kwa kuwa niliwaelekea wazee, vilitokea upande wao. Mungu wangu! Mzee mwenye kisigino kilichopasuka alivuta miguu. Shija alicheka, wazee hawakucheka. Nilitapika mara nyingine mbili kabla ya kufika, mara ya mwisho maji ya njano machungu. Nilishukishwa begani kama furushi.

Mama alikuwa amesimama ufukweni. Sikumbuki nilivyomwamkia. Nakumbuka mkeka ndani ya banda lake, miguu ya wachunga ng'ombe ikipita nje, na dunia ikiendelea kuyumba chini ya mkeka ule nusu ya siku. Alikuwa amenichemshia perege kwa nyanya na bamia, chakula nilichokuwa nimekiota miezi mingi, akanipulizia tonge lipoe, akalileta mdomoni. Nikageuza uso. Harufu ya samaki tu ilinirudisha mtumbwini. Alijaribu tena saa sita, akajaribu tena saa nane. Mara ya tatu aliuliza kwa Kisukuma, polepole, “Hata chakula changu, mwanangu?” Nilitaka kumweleza, lakini nilijua nikifungua mdomo yatatoka mengine. Nilipoanza kupata nafuu na kutaka kuzungumza, Shija alikuwa anapiga mluzi huko majini. Saa ya kurudi. Nilikuwa nimebeba habari za miezi yote, na sikumwambia hata moja.

Kurudi kulikuwa jambo jingine kabisa. Wazee walibaki na mnada wao. Mtumbwini tulikuwa mimi, Shija na magunia ya samaki wakavu. Akaniambia nikae palepale mbele, nimtazamie viboko na maboya ya nyavu, maana magunia yalimkinga asione vizuri. Nikageuka kuelekea kwetu, nikakaza macho mbali, kwenye vilima vya Iramba, nikitafuta masikio ya viboko juu ya maji. Alasiri upepo ulikuwa umeongezeka na mawimbi yalitupiga kuliko asubuhi. Sikutapika. Sikusikia hata kichefuchefu. Nilifika nina njaa ya kufa mtu, nikala ugali wa bibi nikaongezwa, nikalamba sufuria, huku Baba Mdogo mmoja wa jirani aliyekuja kuuliza habari za ng'ombe akinitazama.

Ikawa hivyo Jumamosi zote za kiangazi kile. Asubuhi ninatapika, mchana nalala, jioni narudi mzima na kula kama mchimba kisima. Dawa zilijaribiwa. Nilinyonya ukwaju, nilitafuna ndimu na maganda yake, bibi alinifunga kitambaa tumboni kikaze, mzee mmoja akashauri nilambe chumvi, nikalamba, nikaitapika chumvi. Nyumbani walianza kunong'ona, na minong'ono ya kwetu si ya kunong'ona hasa, kila mtu anaisikia. Akienda kwa mama yake anatapika, akirudi kwetu ni mzima. Chakula cha mama yake hakili, cha kwetu analamba sufuria. Na mawimbi ya jioni ni makubwa kuliko ya asubuhi, kwa hiyo si maji hayo. Dalili ya mvua ni mawingu, alisema Baba Mkubwa. Mwili wa mtoto unajua usilolijua mdomo wake. Nikiwafikiria leo siwezi hata kuwakasirikia ipasavyo. Walikuwa wametazama, wakalinganisha, wakapima. Ukiacha kosa lenyewe, kazi yao ilikuwa nzuri.

Na mimi? Jamani, mimi mwenyewe nilianza kuamini. Hilo ndilo lililonitesa. Nilikuwa najiuliza zizini, mbele ya mbuzi wangu, kama kuna mtu mwingine ndani ya tumbo langu asiyempenda mama. Ijumaa jioni nilikuwa ninaomba Mungu anipe tumbo jingine. Jumamosi asubuhi nilishuka ziwani nikiogopa, si maji, bali kwamba nitatapika tena na wazee wataona tena. Na kadiri nilivyoogopa, ndivyo nilivyozidi kuinamisha kichwa.

Kikao kilifanyika kwetu, siku ambayo mawingu ya kwanza yalionekana upande wa mashariki. Mama alikuja na mjomba. Alikaa kwenye mkeka na wanawake, mimi niliitwa nikapiga magoti katikati, uso chini. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na sentensi moja tu, nimeikariri kwa siku nyingi: Nataka kukaa na mama. Nilisubiri niulizwe nataka kukaa wapi. Baba Mkubwa alinisemesha kwa upole, akaniita mama, kama tunavyowaita mabinti wadogo kwetu.

“Sema usiogope, mama. Ukienda ng'ambo, tumbo linakusumbua?”

“Ndiyo, Baba Mkubwa.”

“Na chakula cha huko, unakula?”

“Hapana.”

“Ukirudi huku kwetu, linakusumbua?”

Nilifundishwa kwamba mkubwa akiuliza, unajibu alichouliza, hukiongezi wala hukipunguzi. Tena nilifundishwa kutosema uongo. “Hapana,” nikasema. Nikasubiri swali langu. Halikuja. Nilisikia wazee wakiguna ule mguno wa jambo lililokwisha. Mjomba akamgeukia dada yake akamuuliza yeye anasemaje, na mama akajibu, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya mchicha, “Mtoto ameshajibu.” Ile sentensi yangu ilikuwa hapa kooni. Kuinua uso mbele ya wazee wote wale na kusema nisichoulizwa, sikuweza. Nikaambiwa niende nikacheze. Nikaenda. Nilipotoka zizini kwa mbuzi wangu, mama alikuwa ameshateremka.

Mvua zilinyesha, Jumamosi zikawa siku kama siku nyingine, na mwaka uliofuata tukasikia mama ameolewa Igunga. Nilisoma, nilikua, niliolewa, leo nina mashine ya kukamua alizeti hapa Singida mjini na watu wanasema nina mdomo mkali. Kweli ninao. Aliyeupata kwa kuchelewa ndiye anayeutumia sana. Mama tulionana mara chache kwa miaka mingi, kwenye misiba na arusi, tukiamkiana vizuri na kuulizana habari za watoto, kila mmoja akimwogopa mwenzake kidogo. Alinikaribisha kama mgeni, na mimi nilikula chakula chake chote mpaka sahani ikang'aa, kila mara, hata kama nimeshiba.

Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto nilipopanda kivuko kwenda Ukerewe kwa ajili ya arusi. Mama mmoja jirani yangu alikuwa ameinamia mkoba wake, anatapika. Baharia, kijana tu, akapita akamwambia bila hata kusimama, “Mama, usiangalie chini. Geuka huku tunakokwenda, angalia nchi kavu kule mbali.” Yule mama akageuka, akainua uso. Baada ya muda akaomba maji, kisha akaanza kula karanga. Mimi nilikaa pale nimeshika chuma cha ukingo. Wengine walidhani naumwa mimi. Misumari, kopo, miguu ya wazee; jioni, vilima na viboko. Kitu chenyewe ndicho hicho! Kuuliza si ujinga, tunaambiwa tangu chekechea, na katika watu wazima wote wale hakuna aliyeuliza mtoto anakaaje mtumbwini. Nililia mpaka bandari ya Nansio, na sikujali nani ananitazama.

Siku hizi kutoka kwetu kwenda ng'ambo kijana wa bodaboda atakuzungusha kwa barabara na ukafika hujalowa. Binti yangu wa mwisho ana miaka kumi, umri wangu ule. Anawatazama wakubwa usoni, anawauliza maswali wasiyoyataka, na usipomuuliza anachotaka anakuambia mwenyewe kabla hujakaa. Shangazi zake wananisema. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wananiambia, na wanadhani wamenikosoa. Sitaki kusema enzi zetu zilikuwa mbaya na hizi ni nzuri. Tulikuwa na utulivu ambao watoto hawa hawataujua, na shikamoo yetu ilitoka moyoni. Ila ukiniambia nichague, nitachagua kelele za binti huyu, na nitazichagua kila siku.

Mwaka jana nilikwenda Igunga nikamweleza mama. Amezeeka, ni mjane, macho bado mazuri. Nilimweleza yote tukiwa uani anachambua mchele: habari ya kukaa vibaya, habari ya baharia, ile sentensi moja iliyonikwama. Nilisema kwa Kisukuma, Kisukuma changu kibovu cha mtoto wa miaka kumi, maana hakikupata nafasi ya kukua. Nilidhani atasema basi tena, yamepita. Aliacha mchele.

“Kutapika hakukuniumiza,” alisema. “Mtoto yeyote anatapika. Mimi nilikuwa nafika ufukweni kabla jua halijachomoza. Naona mtumbwi ungali mdogo, nakuona wewe pale mbele, nakuangalia njia nzima. Unakuja umenipa mgongo. Jioni unaondoka, nasimama palepale nikitazama, umenipa mgongo. Jumamosi zote. Nikasema huyu hanitaki, ameshindwa tu kuniambia.”

Mtumbwini mle nilijichunga nisimpe mkubwa yeyote mgongo, na mkubwa niliyempa ni yule mmoja niliyekuwa nakwenda kwake.